Mgeni wa Mkono wa Kulia

Kitu cha kwanza nilichokichukia kwa mtu yule ni mkono wake wa kushoto. Nasema kuchukia, sisemi kuogopa, ingawa mtu akinibana sana nitakiri kwamba chuki na woga vilikuwa vinalala kitanda kimoja. Unamwambia asubuhi, "Mwangaluka," kwa adabu zote, anakuitikia vizuri, kwa sauti ya chini, halafu anakunyoshea mkono wa kushoto. Wa kulia umefichwa chini ya shuka kama kuku wa wizi. Sasa niambie, mtu mzima, mwenye mvi, anayejua kuswali, anampaje mtu mzima mwenzake mkono wa kuchambia?

Siku hizi mnasema bondia. Sisi kule kambini, upande wa Geita, wakati dhahabu inaanza kuwakusanya watu, tulisema mpiga ngumi, na huyu tulimwita Fundi tu. Jina lake nalijua ila silitaji, ana wajukuu na wengine wanajua kusoma kuliko mimi. Alikotoka nako sitasema. Mmoja aliniambia Tabora, mwingine Ujiji, wa tatu akasema ni mtu wa pwani aliyepotea njia akifuata reli. Wote watatu waliapa.

Mimi nilikuwa mpiga reli. Usidhani ni gari moshi. Palikuwa na kipande cha reli kimening'inizwa kwenye nguzo karibu na kiwanja, na mimi ndiye niliyekigonga kwa nyundo: watu waingie shimoni, watu watoke, watu wale. Jumapili alasiri nilikigonga kwa ajili ya ngumi. Bwana Mkubwa wa kambi, yule Mzungu wetu, alipenda ngumi kuliko kanisa, akanipa saa ya mfukoni yenye mnyororo. Kusoma saa nilikuwa sijui, na hata sasa nabahatisha. Alinionyesha kimshale kidogo kinachokimbia: kikizunguka mara tatu, gonga, wapumzike; kikizunguka mara moja, gonga, waendelee. Basi. Nilikuwa pia mtunza glavu. Zilikuwa jozi mbili kambi nzima, zimelowa jasho la kila kabila, zikinuka kama mbuzi dume.

Sasa lazima nieleze sheria ya Bwana Mkubwa, maana bila hiyo hutajua kwa nini mtu angeficha mkono. Aliyeshikilia ulingo alikuwa nyapara wa ghala la mbao, juu, kwenye jua. Anahesabu magogo ya kushikilia shimo, anakaa kivulini, anaitwa bwana. Akishindwa, anashuka. Anapewa nyundo na patasi ya chuma kama wengine, anarudi chini kupasua mwamba, na aliyemshinda anachukua ghala. Fundi alikaa ghalani miaka minne. Miaka minne watu walimwangalia kila asubuhi wakipita kwenda shimoni, na kila mtu aliyekuwa na mabega alisema moyoni, ipo siku.

Lakini kila aliyepanda ulingoni alipanda akiuangalia ule mkono wa kulia.

Maana habari yake ilikuwa imemtangulia. Ilisemwa kwamba zamani, Tabora, alimpiga mtu kwa mkono wa kulia, pigo moja, hapa kwenye paji, na yule mtu hakuamka. Tangu siku hiyo, walisema, aliapa kutoutumia mpaka akasirishwe. Wengine wakasema hapana, si kiapo, ni dawa: kuna hirizi imeshonwa ndani ya kiganja, na ndiyo maana hasalimii nao wala hali nao. Fundi hakukataa. Wala hakukubali. Ukimuuliza, alitabasamu akasema, "Huyu ni mgeni wangu." Ukimuuliza tena, "Nanyi mnasemaje kuhusu mgeni? Siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi wangu namlisha miaka, jembe bado sijampa. Ombeni nisimpe."

Watu wakaomba kweli.

Hakula sinia moja na mtu. Hilo nalo liliniwasha. Waislamu wenzangu wa kambi, wenye maduka na mafundi cherehani, walimkaribisha Idi baada ya Idi, naye alituma mke wake na mchele na nyama ila mwenyewe hakufika. Alikula nyuma ya nyumba, kwa kijiko, uso ukutani. Mama Nyanzala, mama mmoja aliyetuuzia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, alikuwa na ulimi kama wembe, akamwambia mbele ya watu, "Fundi, unakula kwa kijiko kama Mzungu, unaogopa ugali utakung'ata?"

Fundi akasema, "Naogopa nitaung'ata mimi, Mama Nyanzala, usibaki wa watu."

Watu wakacheka, mimi sikucheka. Mimi nilihesabu. Mtu ambaye hali nasi, hasalimii vyema, anafungwa glavu na mke wake ndani ya nyumba mlango umefungwa, anatoka ameshavaa: mtu huyo ana kitu. Kila Jumamosi mke wake alikuja kwangu kuchukua jozi moja mapema, na kila Jumapili nilizinusa zikirudi, nikitafuta harufu ya dawa. Nilipata harufu ya mafuta ya kondoo na majani yaliyochemshwa. Nikasema, aha.

Nitoke kidogo njiani. Nimeona wapiga ngumi wengi, na kazi yangu ilinipa nafasi ambayo hata Bwana Mkubwa hakuwa nayo: mimi niliwaona wakipumzika. Watu huangalia ngumi zikirushwa. Ukitaka kujua mtu amezeeka, mwangalie reli inapolia. Mwaka wa kwanza Fundi hakukaa. Reli inalia, yeye anasimama kwenye pembe yake anaangalia ndege. Mwaka wa pili akaanza kuegemea nguzo. Mwaka wa tatu akakaa kwenye kigoda, polepole, kama mtu anayejikumbusha tu kwamba kigoda kipo. Mwaka wa nne alikuwa amekaa kabla mlio haujaisha. Na kusimama! Kwanza anaweka mkono wa kushoto kwenye goti, anavuta pumzi, anaupeleka mwili mbele kama mtu anayepanda ukingo wa shimo.

Ndani ya mchezo vilevile. Mwanzoni aliwafukuza. Namkumbuka jamaa mmoja Mzinza, mrefu, alifukuzwa mpaka akaruka kamba akaangukia kwenye viti vya Wazungu. Baadaye Fundi akaacha kufukuza. Akasimama katikati, akawaacha vijana wazunguke kama ng'ombe wa kupuria mtama, wachoke wenyewe. Baadaye tena akarudi nyuma mpaka kwenye kamba, mgongo ukapata pa kuegemea. Mwaka wa mwisho akaanza kukumbatia. Kijana anaingia, Fundi anamkumbatia, anamlalia begani, na watu wanapiga kelele, "Fundi, umeoa?" Naye nilimsikia mara moja akimjibu mtu wa nje huku kijana yuko kifuani pake, "Nimeoa, na mahari nishatoa."

Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu. Ngumi zinafanya hivyo, si mara moja, ni kama moshi wa jikoni unavyoingia kwenye dari. Akikuangalia alikuwa anageuza kichwa upande, kama kuku anayechungulia punje. Nami nilidhani ni dharau.

Lakini alishinda! Sasa ndipo nilipochanganyikiwa. Miguu imekwisha, pumzi imekwisha, jicho moja, na anashinda. Alifanya hivi: aliinua bega la kulia kidogo. Kidogo tu, kama mtu anayetaka kujikuna. Kijana aliye mbele yake anakumbuka Tabora, anakumbuka paji la uso la marehemu, anainua mikono yote miwili kufunika kichwa. Na ngumi ya kushoto ya Fundi inaingia tumboni. Basi. Miaka minne niliona bega likiinuka, sikuona mkono ukitoka. Alikuwa akisema, "Ngumi haizeeki. Kinachozeeka ni njia." Nilidhani ni maneno ya kujisifu.

Haya. Nisije nikamchora shetani mtupu, maana nimesema nitakuwa mkweli. Mwanangu Shija alipoungua homa, usiku kucha anapiga kelele, asubuhi yake Fundi alikuja bila kuitwa, akamchukua begani, bega la kushoto, akampeleka zahanati ya kambi, mwendo si mdogo, na miguu yake ile. Akakaa naye mpaka dawa ikatolewa. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilisema wabeja, wabeja sana, na nilipomrudisha mtoto nyumbani nikamvua nguo nikamkagua mwili mzima kama kuna chale. Mke wangu akaniuliza, "Unatafuta nini, Baba Shija?" Nikasema kupe.

Halafu baba yangu akaja.

Alikuja kwa miguu kutoka kwetu, Msalala, siku kadhaa njiani, mzee, na fimbo yake na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nilimpitisha kambini kwa fahari, nimwonyeshe reli yangu, saa yangu. Tukakutana na Fundi mlangoni pa ghala. Baba akatoa mkono. Fundi akainama vizuri, akasema, "Shikamoo, mzee," akampa wa kushoto.

Baba aliuangalia ule mkono muda mrefu. Hakuushika. Jioni hakula. Aliniambia, "Mwanangu, yule mtu amenizika nikiwa nimesimama." Alikuwa amekuja kukaa mpaka mwezi uandame, akaondoka kesho yake. Na masika yaleyale akafa. Kifua, walisema nyumbani. Mimi nikasema mkono.

Tangu hapo nilikuwa nagonga reli na moyo wangu unagonga jambo lingine.

Mwishoni mwa kiangazi kilichofuata akaja Masanja, kijana kutoka Segese. Mchunga ng'ombe, shingo kama kisiki, hajawahi kupigana isipokuwa na fahali na kaka zake. Wiki tatu akawaangusha wote waliokuwa chini ya Fundi. Akabaki Fundi. Na Masanja hakulala. Alinijia kwenye nguzo yangu, akachuchumaa, akang'oa nyasi moja moja.

"Baba Shija, ule mkono."

"Umekuwaje?"

"Wewe unakaa karibu. Ni kweli?"

Nikamwambia. Na ninachowaandikia hapa sijui nilikisikia wapi. Huenda nilikitunga palepale, chuki ni mganga. Nikamwambia, dawa ya mkono huvunjwa na salamu. Mkono ukisalimiwa wazi, mbele ya watu, kwa heshima, dawa yake inaona haya inatoka. Kwa hiyo kabla ya glavu, msalimie shikamoo, mpe mkono wa kulia. Wewe ni mtoto kwake. Watu wote wanaangalia. Hawezi kukataa shikamoo.

Masanja akasema, "Lakini huja ameshavaa glavu."

Nikasema, "Jumapili hii hatavaa nyumbani. Glavu ziko kwangu."

Jumamosi mke wa Fundi alikuja kama kawaida. Mwanamke mpole, maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Nikamwambia amri imebadilika, glavu zinavaliwa ulingoni. Akanitazama. Akasema, "Baba Shija, amri ya nani?" Nikasema ya Bwana Mkubwa. Huo ulikuwa uongo, na mke wake aliujua, nami nilijua kwamba ameujua. Akarudi mikono mitupu.

Jumapili watu walijaa mpaka juu ya vichuguu. Fundi akaja na shuka lake. Akapanda. Na kabla hajakaa, Masanja akavuka ulingo, akapiga goti moja kama mtoto aliyelelewa, akasema kwa sauti, "Shikamoo, baba!" akanyosha mkono wa kulia.

Fundi akaniangalia mimi. Si Masanja, si Bwana Mkubwa. Mimi, na zile glavu nne mapajani mwangu. Aligeuza kichwa upande, vile alivyofanya, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba haikuwa dharau, alikuwa ananitafuta kwa lile jicho zima.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Akautoa mkono kwenye shuka.

Masanja akaudaka kwa mikono yote miwili, kama tunavyofanya kwetu mtu akiheshimiwa, akaubana, akautikisa. Watu wakalipuka: "Dawa imekufa! Imekufa!" Mama Nyanzala alirusha kanga juu. Lakini mimi nilikuwa karibu, nikauona uso wa Masanja. Nilitegemea kuona furaha. Niliona uso wa mtu aliyeingiza mkono kwenye kiota kutafuta yai akakuta kinda. Akaulegeza mkono polepole, akarudi pembeni kwake, akipita kwangu akasema chini chini, "Baba Shija, hamna dawa mle. Umevunjika."

Sikumwamini. Mimi ni mtu ambaye hata ukweli nauuliza umetoka wapi. Lakini kazi ya kumfunga glavu sasa ilikuwa yangu, mwenyewe nilijitakia. Nikapiga magoti mbele ya Fundi, nikaushika ule mkono. Vifundo viwili vilikuwa havipo, vimezama. Mifupa ya katikati ilikuwa imepandana kama kuni zilizorundikwa vibaya. Kidole cha mwisho hakikukunjika. Ulinukia mafuta ya kondoo na majani ya kukandia, ile harufu yangu ya aha. Mkono wa mtu ambaye asingeweza kushika tonge la ugali, wala nyundo.

Akaniambia, midomo haichezi, "Funga polepole. Mgeni amechoka na safari."

Ningeweza kusimama. Ningeweza kumwambia Bwana Mkubwa mtu huyu ni mgonjwa. Lakini angeniuliza umejuaje, na akiwa mgonjwa si anashuka shimoni vilevile? Nilijifunika kwa hesabu hiyo. Nikafunga kamba. Nikaenda kwenye reli yangu nikagonga.

Raundi ya kwanza aliinua bega, Masanja hakujifunika. Raundi ya pili akaliinua tena, Masanja akapita chini yake akamtia ngumi ya mbavu nikaisikia kama nguo ya maji ikipigwa jiweni. Miaka minne ile hila ilikuwa nyumba yake. Sasa mlango umeng'olewa. Alibaki na nini? Kushoto, na akili. Na niwaambie, sijaona tena mtu akitumia vitu viwili namna ile. Alimkanyaga Masanja kidole cha mguu na kuomba radhi. Alimgeuza alitazame jua la magharibi. Alimkumbatia na kumnong'oneza, na Masanja alinieleza baadaye alichonong'onezwa: "Unapumua kwa mdomo, mwanangu. Funga mdomo, utachoka." Alikuwa anamfundisha huku anapigwa naye.

Raundi ya nne miguu ikakataa. Alikuwa kwenye kamba, jicho zima limevimba, na Masanja anapiga mwili, hapigi kichwa, nadhani kwa huruma, lakini ngumi ya huruma nayo ni ngumi. Watu walikuwa wanacheka. Niliangalia saa. Kimshale kilikuwa kimezunguka mara moja na nusu.

Nikagonga reli.

Bwana Mkubwa akageuka. Watu wakazomea, "Mpiga reli, umelewa?" Mmoja akasema nimelishwa na Fundi. Ndiyo, siku ile niliitwa mtu wa Fundi! Fundi alikaa kwenye kigoda, akatema damu kwenye ndoo, akaniambia bila kuniangalia, "Saa yako inakimbia, Baba Shija. Ilikuwa inakimbia tangu jana."

Kisha akasimama kabla sijagonga. Hakuweka mkono gotini. Alisimama kama mwaka wa kwanza.

Alitoka mpaka katikati, Masanja akamfuata. Bega la kulia likainuka. Masanja, ambaye sasa alijua, ambaye alikuwa ameushika kwa viganja vyake mwenyewe, hata hakupepesa. Na mkono ukatoka.

Nimesema miaka minne sikuwahi kuuona ukitoka. Ulikwenda moja kwa moja, haukuzunguka, ukatua kidevuni, na Masanja akaketi chini kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Sauti zilikuwa mbili. Moja ya kidevu. Nyingine ilikuwa kavu zaidi, na ile ya pili wengi hawakuisikia kwa makelele.

Masanja aliinuka. Hesabu ilikuwa karibu kwisha, akainuka, anayumba. Yeyote angeweza kumwangusha kwa kidole. Fundi alikuwa amesimama palepale, mkono wa kulia unaning'inia, na jasho linamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akainua wa kushoto, si kupiga, kumwonyesha Bwana Mkubwa basi. Akapita karibu na nguzo yangu.

"Nimempa jembe," akasema.

Siku hiyohiyo kambi iligawanyika. Nusu ilisema ameuza pambano, maana mtu gani anamwacha mtu aliyekwisha kuanguka? Nusu ikasema dawa ilimrudia mwenyewe. Hakuna aliyesema ameumia. Nami nilijua, nikanyamaza, maana aliyejua angeulizwa alijuaje. Masanja alikwenda kwa Bwana Mkubwa kumwomba Fundi abaki ghalani chini yake, akaambiwa sheria ni sheria. Jumatatu nikagonga reli, Fundi akashuka na nyundo kwenye mkono wa kushoto. Alishuka siku tisa. Siku ya kumi nyumba yake ilikuwa wazi, imefagiwa, kijiko kimoja kimesahauliwa dirishani. Masanja hakunisalimu tena mpaka naondoka kambini. Hata kwa kushoto.

Ikapita miaka. Niliacha reli, nikaingia kazi ya kupakia pamba Shinyanga, karibu na stesheni. Siku moja ya soko, Idi iko karibu, kichwa changu kimeota msitu, nikaona mstari wa watu mbele ya kinyozi chini ya turubai. Nikasubiri. Zamu yangu ikafika, nikakaa, nikapewa kitambaa, nikafumba macho, maana sabuni inaniuma. Wembe ukaanza kisogoni. Mwepesi, mzuri. Ukashuka shingoni. Ndipo nikahisi kitu: wembe unatoka upande ambao si wake. Kinyozi alikuwa anatumia kushoto.

Sikufumbua macho.

"Kichwa hiki nakijua," sauti ikasema, chini chini. "Kigumu vilevile. Tulia, Baba Shija. Ukitikisika nitakukata, na hapo utasema ni dawa."

Nikatulia. Usidhani nilitulia kwa amani. Mtu niliyemvunja, ana wembe shingoni pangu, mimi nimefumba macho na kitambaa kimenifunga mikono. Nikahesabu pumzi zangu kama kile kimshale. Nikaona afadhali niseme mimi kabla hajasema yeye.

"Fundi, ile amri ya glavu haikuwa ya Bwana Mkubwa."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Jumamosi. Mke wangu hajawahi kurudi mikono mitupu kwa mtu asiye na neno." Akafuta wembe. "Ningeweza kuugua Jumapili ile. Nikawaza, nikiugua leo, na Jumapili ijayo? Mtu anachoka kulinda mlango, Baba Shija. Hata mwizi anachoka."

"Na yule mtu wa Tabora, uliyemuua?"

Akacheka mpaka akaondoa wembe kichwani pangu. "Nimuue nani? Paji la uso kama jiwe la kusagia! Alisimama akaondoka anapiga mluzi. Anauza vitunguu sokoni mpaka leo. Siku ile uliokufa ni mkono."

Akaendelea kunyoa. Halafu akauliza, "Yule mzee wako, aliyekuja na maziwa ya mgando?"

Nikamwambia amefariki. Masika yaleyale. Sikumwambia nilisema nini kuhusu kifo chake, lakini nadhani alisikia nilivyonyamaza.

"Nilitaka kumfuata njiani," akasema. "Nimwonyeshe. Nikaogopa itajua kambi nzima. Mtu mmoja akijua, wamejua wote. Nikamwacha mzee wa watu aondoke na hasira." Wembe ukasimama. "Hilo ndilo linaloniuma, si ghala."

Alipomaliza nikafumbua macho. Alikuwa amekwisha, mwembamba, jicho la kulia jeupe kabisa sasa kama ganda la yai, na lile lingine limeanza. Nikasimama. Akaweka wembe chini, akaufuta mkono wa kulia kwenye kanzu, akanyosha. Ulikuwa umepinda zaidi ya nilivyoukumbuka, umegeuka kama mzizi.

"Shika," akasema. "Wa mzee, upokee wewe."

Nikaushika kwa vidole, kwa hofu ya kuumiza.

"Kaza, bwana. Si ulitaka usalimiwe?"

Nikakaza. Tukatikisana pale mbele ya watu wa soko, muda mrefu kama watu wa kwetu.

Nikaenda nyumbani nimepunguziwa mzigo. Mke wangu alikuwa uani anachambua nsansa, zile mboga za majani makavu. Akaniangalia nikimpita, kisha akaangua kicheko.

"Baba Shija! Nani kakunyoa?"

"Kwa nini?"

"Nyuma huku amekuachia kishungi. Kama cha tai!"

Nikashika. Kweli, kisogoni, upande wa kulia, kilikuwa kimebaki kishungi cha nywele, kizima, kipana kama ile saa ya mfukoni.

Mpaka leo nimejiuliza. Upande wa kulia ndio uliokuwa wa jicho lake bovu, na yale ya uzee yanajulikana, unapita mahali na huoni. Lakini mkono ule wa kushoto haukuwahi kukosa kitu ulichokikusudia, na wakati ananiachia nilisikia, au nilidhani nimesikia, akiguna kidogo kama mtu anayejizuia kucheka. Sikurudi kumuuliza. Mke wangu alileta kiwembe, nikamkataza. Nilisali Idi nacho, watu wananitazama nyuma, wananong'ona, kila mmoja ana lake la kusema. Nikawaacha waseme.